Kabla hujauhamisha huo mfumo wikiendi moja, soma yaliyotukuta sisi Mwanza

Mwangaluka wakuu. Huu uzi nimeusoma toka jana nikawa nasita kujibu maana najua nikianza sikomi, ila naona mleta mada anaenda kuumia. Kwa walioingia sasa hivi, jamaa anasema kampuni yao ya usambazaji inatumia mfumo wa stoo na mauzo wa toka 2010, seva ni moja tu, inazima mara mbili tatu kwa wiki, bosi kasikia habari za klaudi (mfumo kukaa kwenye seva za kukodi mtandaoni) kwenye semina karudi anataka wahame wikiendi ya mwisho wa mwezi huu, Jumatatu watu wauze kwenye mfumo mpya. Anauliza aanzie wapi.

Mkuu anzia kwa kumwomba bosi aliondoe hilo neno wikiendi. Mengine yote yanazungumzika.

Mimi niko hapahapa Mwanza. Nilikuwa fundi wa kompyuta (kwenye barua wameandika afisa tehama lakini hadi balbu nilikuwa nabadilisha mimi) kwenye kampuni inayouza vifaa vya uvuvi kwa jumla, nyavu, kamba, taa za dagaa, vipuri vya injini za boti. Duka kubwa mjini, lingine Kirumba jirani na soko la samaki la Mwaloni, moja Sengerema na moja Nansio kule Ukerewe. Seva ilikaa chini ya meza ya mhasibu, anaegeshea miguu. Windows Server 2003, juu yake programu ya kutunza databesi, SQL Server 2005 ile ya bure ya Express. Windows hiyo Microsoft waliacha kuihudumia toka Julai 2015, sisi tulikuwa nayo mpaka 2021 na hakuna aliyeshtuka, si inawaka. Nansio hawakuwa na intaneti ya maana kwaiyo mauzo yao yalikuja kwenye flashi, kijana anapanda meli anashuka mjini anakabidhi, ziwa likichafuka mauzo ya Ukerewe yanalala hukohuko.

Siku niliyoelewa kwamba hatuna mfumo bali tuna bahati ni mwisho wa mwezi mmoja 2020. Kaunta imejaa, dada anapiga bili, inagoma. Ukitafuta bei inakuletea, ukifungua deni la mteja unaliona, ripoti zinatoka, ila ukitaka kuandika bili mpya inakataa. Kusoma inasoma, kuuza haiuzi. Bosi anasema kirusi, mhasibu anasema kuna mtu kachezea, mimi nikaizima nikaiwasha mara nne kama redio. Kumbe ile Express ya 2005 databesi yake haivuki GB 4, ni kikomo walichokiweka wenyewe kwa sababu ni ya bure, sisi tulikuwa tumejaza kidogokidogo kwa miaka kumi na mbili mpaka tukafika ukutani. Tuliuza kwa daftari siku mbili nzima huku nafuta kumbukumbu za zamani kupata nafasi. Sa mleta mada, hiyo ya kwako kama ni Express ya 2008 R2 mpaka ya 2022 kikomo ni GB 10, nenda kaangalie leo una ngapi, ni kazi ya dakika moja.

Alafu kuzimazima. Wengi hapo juu wamekwambia nunua seva mpya na UPS (lile betri la kushikilia umeme ukikatika), sikatai, ila tafuta kwanza inazimwa na nini. Sisi tulinunua UPS tatu kwa mfululizo. Ofisi na stoo ni majengo mawili tofauti na katikati tulipitisha waya wa netiweki wa shaba kwa nje, na radi za ukanda huu wa ziwa wote mnazijua, mvua ya usiku ikija unaona anga linawaka upande mzima. Kila jengo lina ethi yake (waya na fimbo ya kushushia umeme ardhini), na Mwanza hii ni mawe matupu, fundi akigonga fimbo ya ethi futi mbili anakutana na jiwe anaikata anafukia anachukua hela yake anaondoka. Radi ikipiga popote jirani, umeme unatafuta njia kutoka ethi hii kwenda ile na njia rahisi inaikuta kwenye ule waya wetu. Swichi ya netiweki inakufa, kadi ya netiweki inakufa, seva inajizima, UPS iko pembeni inalia haijui chochote maana umeme haukupitia kwake. Dawa haikuwa seva mpya. Tulitoa shaba tukapitisha faiba kati ya majengo, kioo hakipitishi umeme, na ethi tukamtafuta fundi anayeijua akaihamishia bondeni penye udongo. Kuzima kukapungua sana kabla hata hatujagusa softiwea. Na tukiwa tunasafisha pale ndo nikaona ile taa ya machungwa kwenye seva ambayo miaka yote tulidhani ni urembo. Diski zilikuwa mbili zinafanana, moja ikifa nyingine inabeba, na moja ilishakufa siku nyingi.

Bakapu ndo usiseme. Kila usiku saa sita inajisevu kwenye diski ya nje, kuna kaujumbe ka kijani asubuhi, mhasibu anakaangalia anaridhika. Nikachukua bakapu ya juzi yake nikajaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine. Haikufunguka. Ya wiki iliyopita, haikufunguka. Diski ilijaa miezi nane nyuma, ile programu ilikuwa inaandika faili nusu inakata alafu inasema imemaliza. Yani kwa miezi nane yote kampuni nzima iliishi kwenye diski moja iliyobaki hai chini ya miguu ya mhasibu. Toka siku hiyo mimi bakapu ambayo haijarudishwa kwenye mashine nyingine ikafunguka siihesabu kama ipo.

Tulivyopata hela ya mradi, kitu cha kwanza hatukuhama kwenda kokote. Tuliichukua ile seva ya zamani kama ilivyo, na vumbi lake lote, tukaigeuza iwe mashine pepe, yani kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva mpya. Watumiaji hawakujua. Mfumo ni uleule, skrini ileile ya bluu, ila sasa unakaa kwenye diski nzima, unaweza kuinakili yote usiku, ikiharibika unairudisha jana yake. Kuna watu watakwambia huko ni kubeba uchafu kwenda nyumba mpya. Sawa, ni uchafu, lakini ilitupa mwaka mzima wa kufikiri bila moto nyuma.

Kazi kubwa sasa, na hapa ndo namwomba mleta mada akae chini. Mfumo wa zamani unafanya vitu ambavyo hakuna aliyeviandika popote. Chini ya ngazi tulikuwa na kompyuta kuukuu, haina skrini, inawaka tu, nimeikuta, kila ninayemuuliza anasema iliachwa na fundi wa kwanza. Nikaizima. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Wiki ikaisha bosi ananiuliza mbona wavuvi hawaleti hela. Biashara yetu nusu ni mali kauli, mtu anachukua nyavu analipa akivua, na wateja wakipigiwa simu wanajibu, mbona sijaona meseji yenu? Ile kompyuta ilikuwa na kamodemu kenye laini ya simu nyuma, kila usiku inasoma madeni kwenye databesi na kuwatumia watu meseji za kukumbushwa. Wateja wameizoea kiasi kwamba isipokuja wanajua wamesamehewa mwezi huo. Nikaiwasha nikakaa nayo kwa heshima.

Baada ya hapo nilitumia wiki mbili sifanyi kitu zaidi ya kukaa nyuma ya watu. Kaunta siku nzima, stoo siku nzima, kwa mama mhasibu siku tatu maana yeye ndo mfumo wenyewe. Alikuwa na Excel yake ya nani anaruhusiwa kukopa mpaka kiasi gani, haimo kwenye mfumo, iko kwenye kompyuta yake na nyingine iko kichwani. Mtu wa stoo alikuwa anaandika namba ya simu ya mteja kwenye sehemu ya jina. Vitu kama hivyo usipovikuta mapema vitakukuta wewe.

Data nazo, tulipoanza kuzihamishia kwenye mfumo mpya tulionunua. Tarehe zilitaka kutuua. Mfumo wa zamani ulikuwa unatoa faili lenye mwezi mbele na siku nyuma, mpya unasoma siku kwanza, kwaiyo mzigo wa tarehe 2 mwezi wa 11 ukasomeka tarehe 11 mwezi wa 2. Ubaya wake ni kwamba kuanzia tarehe 13 haiwezi kugeuka, hakuna mwezi wa 13, kwaiyo ukichungulia haraka mistari mingi unaona iko sawa unapitisha. Tuligundua kwa sababu mzee mmoja wa Nansio aliyechukua mali wiki iliyopita alionekana anadaiwa miezi tisa. Kingine ni VAT, mfumo wa zamani ulikuwa unakata senti kwenye kila mstari wa bili, mpya unakata kwenye jumla, kila jioni tunapishana shilingi tatu, saba, kumi na moja. Utasema shilingi saba ni nini, ila kama hujui imetoka wapi na laki saba ikipotea hutajua. Na EFD, ile mashine ya risiti za kodi, usiiache mwisho, mfumo mpya usipoweza kutoa risiti ya TRA huna mfumo, jaribu hiyo wiki ya kwanza kabisa.

Tuliendesha mifumo miwili, wa zamani na mpya, kwa pamoja mwezi mzima, tukianza na Nansio kwa sababu ni duka dogo, madada walitulaani kwa kuandika mara mbili na walikuwa na haki, bosi ikabidi atoe posho.

Siku ya kuhama jamaa waliotuuzia mfumo walitaka tarehe 31 Disemba, mwaka mpya mfumo mpya. Mama mhasibu akawauliza, mwezi ukoje siku hiyo? Wakadhani anauliza hesabu za mwezi. Kwetu siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu na kununua vifaa, kaunta inafurika. Giza likiingia wanaenda ziwani, duka linapoa. Tukachagua katikati ya giza, Jumamosi usiku. Na tukabandika karatasi la manila ukutani: saa tisa usiku kama jumla za stoo na madeni hazilingani na za zamani, tunarudi kwenye mfumo wa zamani, hakuna mjadala.

Saa nane na nusu Kirumba hailingani. Katoni 40 za ndoano zimeingia kama ndoano 40, na siyo ndoano tu. Jamaa wa mfumo anasema nipeni mpaka saa kumi na mbili narekebisha. Nilitamani kukubali, nisiseme uongo, bosi yuko kwenye simu kila nusu saa. Tukaangalia ukutani tukarudi. Asubuhi duka likauza na mfumo wa zamani, hakuna mteja aliyejua tumekesha. Bosi alininunia wiki nzima. Giza lililofuata tukarudia, saa saba usiku zikalingana mpaka shilingi, mpaka leo.

Bosi wako akiona huu ni woga wa mafundi wa mkoani mwambie kuhusu benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 walihamisha wateja milioni 5.2 kwa mkupuo wikiendi moja kwenda mfumo mpya. Watu milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, mambo hayakukaa sawa kwa miezi, na Disemba 2022 wasimamizi wakawapiga faini ya pauni milioni 48.65. Hao ni benki, wana wataalamu majengo kwa majengo.

Klaudi sasa. Siipingi, nakala yetu kuu iko huko, Afrika Kusini, na kama mtaweka majina na simu za wateja nje ya nchi mwanasheria wenu asome ile sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ila kaunta usiitegemeze kwenye waya wa intaneti unaopita baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Sisi kila duka lina kaseva kadogo kanakouza kenyewe na kupanga bili kwenye foleni, njia ikifunguka kanazituma. Jumatatu tuliuza kama kawaida, hata Nansio ambao siku hizi flashi imestaafu. Kama kila bili yenu itabidi iende mpaka ng'ambo na kurudi ndo risiti itoke, siku hiyo mngefunga.

Sijasema tumekuwa malaika. Mwaka wa kwanza tulisimama mara moja, saa tano asubuhi, aliyesababisha ni mimi, niliboresha programu ya swichi mchana kweupe kwa sababu niliona ni kitu kidogo.

Ya zamani usiitupe, tuliiacha miezi sita inasomeka tu haiandikiki, mtu akibisha deni lake la 2014 unafungua unamwonyesha.

Kwaiyo mkuu kabla hujaenda kwa bosi kesho, jioni hii chukua bakapu yenu ya jana, iweke kwenye laptop yoyote isiyo ya ofisi, jaribu kuifungua utafute bili ya mwisho ya jana. Alafu rudi hapa utuambie umeiona au hujaiona, na hiyo databesi ina GB ngapi, tuendelee kutokea hapo.