Kabla Hujasukuma Sindano: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kazi Wodini

Mtoto alikuwa na kilo 6, homa imepanda, na daktari ameandika paracetamol ya mshipani, miligramu 45. Nilikuwa na wiki chache tu kwenye zamu za usiku. Nikachukua chupa, nikachukua sirinji ya mililita 50, nikaanza kuvuta. Muuguzi mkubwa aliyekuwa anapanga mafaili mezani akanyanyua macho. "Mdogo wangu, sirinji yote hiyo unampelekea nani?" Nikamjibu, mtoto wa kitanda cha tatu. Akaja, wala hakunifokea. Aliweka kidole kwenye lebo ya chupa: kila mililita 1 ina miligramu 10. Nilitakiwa kuvuta mililita 4.5. Mimi nilikuwa naelekea 45, yaani mara kumi ya dozi.

Hesabu ile nilikuwa naijua. Ningeulizwa darasani ningejibu bila kuandika popote. Hilo ndilo lililonitisha, na ndiyo sababu nawaandikia. Makosa mengi ya dawa hayatoki kwa mtu asiyejua. Yanatoka kwa mtu anayejua kabisa, ila amechoka, au ana haraka, au dawa ameizoea, na jicho lake linasoma alichokitarajia badala ya kilichoandikwa. Namba 45 ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa kikaibandika kwenye kipimo kilichokuwa mkononi.

Tangu usiku ule naanza na kutazama ukubwa wa kitu. Mtoto mchanga na sirinji kubwa haviendani. Dozi moja ikikulazimisha kuvunja ampuli (vichupa vya dozi moja) tatu au nne, simama, rudia hesabu, kisha muulize mfamasia. Zipo dawa zinazohitaji vichupa vingi kweli, lakini ni chache, na kuuliza kunachukua dakika mbili.

Upande wa uandishi, nukta imeshaua watu. Ukiandika 1.0, nukta ikififia mwenzako atasoma 10. Ukiandika .5, atasoma 5. Kwa hiyo andika 1 peke yake, na 0.5 yenye sifuri mbele. Insulini msiiandikie herufi U. "4U" iliyoandikwa haraka husomeka 40. Andika neno "yuniti" lote. Na insulini ivutwe kwa sirinji yake yenyewe. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita 1, maana yake yuniti 10 ni mililita 0.1, tone ambalo kwenye sirinji nyingine hulioni vizuri. Mikrogramu na miligramu nazo ziandikwe kwa ukamilifu, kwa sababu kati yake kuna tofauti ya mara 1,000, na dawa kama digoxin ya moyo na fentanyl ya maumivu makali hupimwa kwa mikrogramu.

Mwandiko usiposomeka, mpigie aliyeandika. Atanung'unika, kisha atasoma. Msikusanyike watu watatu kuzunguka karatasi mkapiga kura neno ni lipi. Nimeona hilo likifanyika na sitaki kuliona tena.

Majina ya dawa yana mitego yake. Hydralazine inashusha presha, hydroxyzine ni ya mzio na kuwashwa. Dopamine na dobutamine, zote za kusaidia moyo na presha, hukaa rafu moja. Marekani dawa ya tumbo iliyoitwa Losec ilibadilishwa jina mwaka 1990 ikawa Prilosec, kwa kuwa watu waliichanganya na Lasix, dawa ya kuongeza mkojo. Ikiwa kampuni nzima ililazimika kubadili jina, wewe usione aibu kulitamka jina la dawa kwa sauti, herufi kwa herufi.

Ampuli ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinafanana kama mapacha. Maji ya kuchanganyia dawa na potassium chloride iliyokolea vyote ni vimiminika visivyo na rangi ndani ya plastiki au kioo kidogo. Potassium ile ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa inasimamisha moyo. Ukiikuta imewekwa jirani na maji kwenye kabati la wodi, usingoje kikao, sema siku hiyo hiyo iondolewe. Lebo nayo isome mara tatu: unapoichukua dawa, unapoivuta, na kabla ya kutupa au kurudisha chupa. Sirinji iliyojaa isiyo na lebo, hata kama unaapa ni yako na uliiacha dakika moja tu, mwaga.

Njia ya kutoa dawa, pamoja na ratiba yake, wengi huipita haraka, nami sitakaa hapo, ila jueni mambo mawili. Vincristine, dawa ya saratani, ni ya mshipani tu; ikiingizwa kwenye uti wa mgongo karibu kila mara inaua, ndiyo maana inashauriwa iandaliwe ndani ya mfuko mdogo wa dripu na si kwenye sirinji. Na vidonge vya methotrexate kwa ugonjwa wa viungo hunywewa mara moja kwa wiki. Ukiona vimeandikwa kila siku, usitoe mpaka umeongea na daktari.

Kwa mgonjwa mwenyewe, usimuulize "Wewe ndiye Maria?" Mtu mwenye homa, au mwenye usingizi, au anayeheshimu sare yako, ataitikia tu. Uliza "Jina lako kamili nani?" na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha na chati. Muulize pia dawa gani iliwahi kumdhuru. Aliyedhurika na penicillin anaweza asijue kwamba amoxicillin ni ndugu yake. Na umuulize alichokunywa kabla ya kufika, maana paracetamol imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa siku, na anaweza kuja kwako akiwa tayari na mbili mwilini.

Sasa hili la kukatizwa, naomba mlibebe kwa uzito. Unavuta dawa, simu inalia, ndugu wa mgonjwa anauliza mlango wa kutokea, mwenzako anataka funguo. Ukirudi unaendelea pale unapodhani uliishia. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia, ukachapishwa 2010, ulionyesha kwamba kadiri wauguzi walivyokatizwa ndivyo makosa yalivyoongezeka. Jifunze kusema "nipe dakika mbili" bila kugeuka. Ukishakatizwa kweli, anza upya kutoka kwenye chati.

Maagizo ya simu yaandike kwanza, kisha msomee aliyeyatoa. Namba zitaje tarakimu moja moja: 15 iwe "moja, tano", kwa sababu kwa Kiingereza "fifteen" husikika kama "fifty", yaani hamsini. Dawa ukishaitoa, weka saini hapo hapo kitandani. Dozi nyingi hurudiwa zamu zinapokabidhiwa, kwa kuwa wa kwanza alitoa akasema ataandika baadaye.

Na mkihakikiana dozi, usimwambie mwenzako "angalia, hii ni 4.5, sawa?" Umeshampa jibu. Mpe chati na chupa, nyamaza, apige hesabu yake, ndipo mlinganishe.

Ukikosea, mgonjwa ndiye wa kwanza: mwangalie, mwite daktari, taja dawa na kiasi bila kupunguza. Najua hofu ya kazi, nimeionja. Lakini daktari hawezi kutibu dozi iliyofichwa. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake mwaka 2017, likilenga kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoepukika ndani ya miaka mitano, lilisisitiza kurekebisha mifumo dhaifu kuliko kumsaka mtu mmoja wa kulaumu.

Usiku ule mtoto alipata mililita 4.5 zake, akalala. Muuguzi yule akaniambia niandike tukio kwenye kitabu cha ripoti, japo hakuna aliyedhurika. Nilitetemeka nikiandika. Wiki iliyofuata mfamasia akaja na karatasi ya rangi ya njano, akaibandika juu ya rafu ya zile chupa: MILILITA 1 = MILIGRAMU 10. HESABU KWANZA. Nilipohamia wodi nyingine ilikuwa bado ipo, pembe moja imejikunja.