Maswali ya Mafundi: Asilimia 3 ya KRA, mlango wa Shela na Land Rover inayozima ikipata moto

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi bomba hapa Muyeye, Malindi. Mwaka jana Till yangu ya M-Pesa ilipokea kama shilingi 1,800,000, lakini zaidi ya nusu ilikuwa ya kununulia mabomba, matangi na koki za wateja. Kijana wa saiba (duka la intaneti) ananiambia nadaiwa asilimia 3 ya pesa yote. Hata ile ya vifaa ambayo haikulala mfukoni mwangu?

Waaleikum salaam. Kijana hajakosea, ila amekueleza nusu ya habari. Kodi anayoisema ni TOT, kodi ya mauzo ghafi. Tangu Julai 2023 inatozwa asilimia 3 kwa biashara ambayo mauzo yake ya mwaka yamezidi shilingi milioni 1 na hayajapita milioni 25. Hakitolewi kitu: si bei ya vifaa, si nauli, si ujira wa kibarua. Kwa milioni 1.8 ni shilingi 54,000, na inawasilishwa na kulipwa mwezi kwa mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Nusu ya pili ni kwamba hulazimiki kubaki humo. Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwamba umechagua kutozwa kwa faida ya mwaka, kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Tupige hesabu. Tuseme vifaa vilikula 1,000,000, usafiri 150,000, vibarua 250,000. Faida ni 400,000. Kwa viwango vilivyopo tangu Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani 28,800. 100,000 zinazofuata asilimia 25, yaani 25,000. Na 12,000 zilizobaki asilimia 30, yaani 3,600. Jumla 57,400. Toa nafuu ya mtu binafsi, 28,800 kwa mwaka, unabaki na kodi ya 28,600. Karibu nusu ya ile TOT.

Lakini hapa ndipo mafundi wengi wanapoumia. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza faida. Ukiwa ulinunua vifaa vya 500,000 katika maduka yaliyokupa kikaratasi cha kalamu, faida yako mbele ya KRA inapanda hadi 900,000, na kodi inaruka mpaka 178,600. Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuhama TOT, toa risiti zako zote, tenga zenye alama ya eTIMS na zisizo nayo, ujumlishe kila fungu peke yake. Fungu la pili likiwa nene, asilimia 3 ni nafuu kwako.

Ushauri wetu mkubwa, ndugu fundi, ni huu: pesa ya vifaa isipite kwako kabisa. Mwandikie mteja orodha kamili (bomba la PPR la nusu inchi mita ngapi, elbo ngapi, tanki la lita ngapi), aende nayo dukani au alipe kwa simu moja kwa moja kwenye Till ya duka, na risiti itoke kwa jina lake na PIN yake, yaani namba yake ya mlipa kodi. Wewe unabaki na ufundi wako. Angalia sasa: mauzo yako yanakuwa 800,000, chini ya milioni, kwa hiyo umetoka kwenye TOT bila barua. Faida ni ileile 400,000 na kodi ni ileile 28,600, ila hulazimiki tena kusaka ushahidi wa milioni nzima. Unabaki na ule wa nauli na vibarua tu. Mteja naye anapata risiti na garanti ya tanki kwa jina lake. Hii inafaa ikiwa ni kweli mteja ndiye aliyenunua. Ukipokea wewe pesa, ukanunua wewe, kisha ukagawa karatasi mbili ili mauzo yaonekane madogo, hayo ni mauzo yako, na taarifa ya M-Pesa itasema hivyo.

Daftari lenyewe halihitaji kompyuta. Mistari ya tarehe, mteja, kazi, ufundi, vifaa vilivyopita mkononi mwako, na namba ya muamala wa M-Pesa. Jaza kila jioni kabla ya kuoga, maana ukingoja Ijumaa hukumbuki ile 700 ya gundi na tepu ilikuwa ya nani. Pesa ya nyumbani itumie namba nyingine; mchango wa harusi ukiingia kwenye Till unaonekana kama mauzo. Risiti nazo zipige picha siku hiyohiyo. Zile za karatasi laini zinazochapwa kwa joto, ukiziacha kwenye dashibodi kwa jua letu, hufutika zikawa nyeupe kabisa, na sheria inakutaka uweke kumbukumbu kwa miaka 5.

Mimi ni seremala wa Langoni, Lamu. Mteja wa Shela alinipa nusu ya bei ya mlango, nikanunua mbao na kuanza kukata. Sasa amebadilisha kipimo na anadai arudishiwe advansi yote. Isitoshe, nauli za boti na punda hazina risiti. Nifanyeje?

Kwa mlango huu, keti naye na umwonyeshe mbao. Vipande vilivyokatwa virefu kuliko kipimo kipya bado vinafaa, mtoze kazi ya kukata upya tu. Vilivyokuwa vifupi ni vyake, avichukue au akubali viingie kwenye hesabu kwa bei ya risiti. Saa za kazi ulizokwisha fanya ni zako. Andikeni mkiwa wawili, kila mtu na nakala.

Kwa mlango ujao, usipokee "nusu". Nusu haisemi ni ya nini, ndiyo maana mteja anaona yote ni pesa yake na fundi anaona yote ameshaila. Igawe: vifaa vinalipwa vyote siku ya oda, na ikiwezekana alipe mwenyewe kwa muuza mbao; ufundi ulipwe asilimia 30 ukianza kukata, 40 mlango ukiwa umesimama karakanani, 30 ukishafungwa na kufunguka vizuri.

Na kipimo kisiwe cha mdomo. Kuta za mawe ya matumbawe za nyumba za Lamu haziko sawa. Pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, na urefu mahali patatu, kisha vuta tepu kona kwa kona mara mbili. Kona zikitofautiana hata sentimita 1, fremu imelala upande, na mlango uliokatwa mraba utakwama. Ziandike namba zote nane kwenye mchoro mdogo, mteja ataje aina ya mbao na unene, aweke sahihi chini. Karatasi hiyo moja inamaliza ubishi kabla haujaanza. Acha pia milimita 3 hivi kila upande: mbao iliyokauka vizuri hunenepa mvua za masika zikiingia, na ukiiacha imebana, mwezi wa Mei utaitwa kuja kuupiga randa bure.

Boti na punda, njia nyepesi ni mteja awalipe wenyewe pale gatini na mlangoni. Kiandike tu kwenye makisio kwamba uchukuzi kutoka Mokowe au kutoka mjini ni juu yake. Ukilipa wewe na unataka gharama itambuliwe, mwenye punda ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka hatazamiwi kutoa ankara mwenyewe. Mnunuzi, yaani wewe, ndiye unayeitengeneza kupitia eTIMS, naye anaikubali. Itabidi awe na PIN. Tunajua si rahisi kumsimamisha hamali kwa jambo hilo, ndiyo sababu tunapendelea njia ya kwanza.

Nimefanya kazi ya umeme katika hoteli moja hapa Malindi. Ankara ilikuwa 100,000, nimelipwa 97,000. Wananiambia 3,000 ni ya serikali. Nimeibiwa?

Si lazima. Kazi ya mkandarasi inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 3, na aliyekata anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku 5 za kazi. Pesa hiyo bado ni yako: ni kodi uliyolipa mapema. Ingia kwenye akaunti yako ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA, uangalie cheti chake. Ukikikosa baada ya wiki mbili, nenda kwa mhasibu wa hoteli na nakala ya ankara, uhakikishe kwanza kwamba PIN waliyoandika ni yako, kwa sababu herufi moja ikikosewa cheti kinakwenda kwa mtu mwingine.

Halafu tafadhali usipeleke ripoti ya kodi ya mwaka ya "nil" ifikapo Juni 30. Mafundi wengi hufanyiwa hivyo saiba kwa shilingi mia mbili, tatu. Nil ni kusema hukupata chochote, na huku cheti kinasema ulipata 100,000; zaidi ya hayo, ile 3,000 haiwezi kupunguza kodi ambayo hukuitangaza. Kuchelewa nako kuna adhabu, shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Mimi ni fundi wa friji, Mambrui. Nimenunua Land Rover Series III ya petroli, 2.25, ya kujifurahisha mwisho wa wiki. Mambo matatu: vipuri vyake naweza kuviandika kwenye vitabu vya biashara? Inazima ikipata moto na kuwaka ikipoa. Na chesisi imeanza kutu.

Hongera kwa gari. Vitabu kwanza, maana jibu ni fupi. Gari la kujifurahisha si gharama ya biashara. Ukiwa unalipa TOT swali halipo, kwani hakipunguzwi kitu. Ukiwa unatozwa kwa faida na Landi inabeba mitungi ya gesi siku za kazi, weka kijitabu ndani ya gari: tarehe, kilomita za kuanzia, za kumalizia, na ulikokwenda. Ikiwa kwa mwaka imekwenda kilomita 10,000 na 3,000 ni za kazi, asilimia 30 ya mafuta na matengenezo ndiyo ya biashara. Safari ya kwenda kuvua Ngomeni haimo.

Kuzima ikiwa moto: anza na kondensa, kile kikopo kidogo kwenye distribyuta. Ni kipuri cha bei ndogo na ndicho kinachochoka kwa joto. Fungua kifuniko utazame pointi, vile vikono viwili vinavyogusana na kuachana. Zikiwa zimeungua nyeusi au za buluu, kondensa ndiyo. Weka mpya, kisha pima mwanya wa pointi kwa fila geji, milimita 0.35 hadi 0.40, na plagi 0.75 hadi 0.80. Ikizima tena, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya koili, ile inayokuza umeme wa cheche, kwa dakika chache. Ikiwaka baada ya hapo, ni koili. Isipowaka, tazama kikombe cha kioo cha pampu ya mafuta: mapovu maana yake inavuta hewa mahali, mchanga maana yake tangi ni chafu. Kabla hujalegeza bomba lolote la petroli kwenye injini ya moto, chomoa waya wa koili pasiwe na cheche.

Ukiwa hapo, weka tapeti sawa, yaani mwanya ulio juu ya kila vali. Mwanya ni milimita 0.25 kwa vali zote nane, za kuingiza na za kutoa. Toa plagi injini izunguke laini, ingiza mkono wa kuwashia mbele, hesabu vali kuanzia upande wa feni, na kumbuka 9: vali ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3, ya 7 kwa ya 2, ya 4 kwa ya 5, na kinyume chake. Jumla ni 9 daima. Ukikaza nati, pima tena, maana skrubu hugeuka nayo kidogo.

Chesisi ndiyo ya kukesha nayo. Bodi ni aluminiamu, lakini chesisi na ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni chuma, na hewa yetu ya chumvi, hasa kusi likivuma, haichagui. Palipokutana metali hizo mbili, chumvi na unyevu hugeuza aluminiamu kuwa unga mweupe. Ukifungua bamba lolote, rudisha na kipande cha mpira wa tyubu katikati. Chukua nyundo ndogo ugonge boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni, mahali springi zinaposhikwa, na sakafu ya miguu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya ubao na kumwaga magamba. Chesisi ni boksi tupu ndani, na inaoza kutoka ndani: mchanga huziba vitundu vya kutolea maji, tope linakaa humo likiwa bichi. Zibua vitundu vyote kwa waya, na kila ukitoka ufukweni ingiza mpira wa maji matamu ndani mpaka yatoke masafi. Wengi humwagia oili chafu ya injini. Tunakataa: inalainisha bushi za mpira na mabomba ya breki, na inadondoka ardhini.

Pa kuchomelea, usikubali bati jembamba libandikwe juu ya kutu. Kata hadi ufikie chuma kinachong'aa, weka bamba la milimita 2 au 3, ulichomelee mzunguko mzima. Kwanza chomoa betri na waya za altaneta, na utoe tangi la petroli lililo chini ya kiti, ulipeleke nje ya karakana, si kulifunika kwa gunia. Kuchomelea kunaunguza rangi ya ndani ambayo huioni, kwa hiyo chuma kikishapoa, piga rangi ya zinki nje, kisha pulizia nta ya chesisi kupitia vitundu vilevile ulivyovizibua, hadi uione ikichuruzika upande wa pili.