Mwanangu, usivimeze vyote kwa mpigo

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unasema umesahau vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, siku mbili mfululizo, sasa unywe vyote kwa mpigo au utupe pakiti uanze upya. Yote mawili hapana. Meza kile cha mwisho ulichosahau sasaivi, hata kama na cha leo vitakuwa viwili siku moja haina shida, kile cha nyuma yake achana nacho, afu endelea na pakiti kama kawaida na siku 7 zijazo kondomu lazima. Ungesahau kimoja tu ungekimeza ukikumbuka na yangeisha hapo.

Ila hujaniambia uko wiki ya ngapi ya pakiti, na hilo ndo kubwa. Watu wengi wanaogopa kusahau katikati ya pakiti manake wamezoea kuambiwa yai hutoka katikati ya mwezi, lakini kwa anayemeza vidonge siku mbaya kabisa ni za mwanzo wa pakiti. Angalia pakiti yako ya 28, vidonge 21 vina homoni, vile 7 vya mwisho vya rangi nyingine havina, vipo usipoteze hesabu (kama ulivyosahau ni hivyo, tupa, huna deni). Siku hizo 7 za mapumziko ovari, vile vifuko vya mayai, zinaanza kuamka kidogokidogo, ukimeza cha kwanza cha pakiti mpya kwa wakati zinalala tena, ukichelewa siku mbili tatu mapumziko yanarefuka na yai linaweza kutoka. Kwahiyo kama ni wiki ya kwanza na mlikutana bila kondomu siku hizi, nenda katafute vidonge vya dharura leo leo, vile vya kawaida mwisho ni masaa 72 ila kadiri unavyowahi ndo vinafanya kazi vizuri. Kama ni wiki ya pili na siku 7 za nyuma ulimeza vizuri, kondomu inatosha. Wiki ya tatu je? Maliza vyenye homoni, vile 7 ruka, fungua pakiti mpya kesho yake. Period haitakuja mwezi huo na hakuna damu inayorundikana tumboni, hayo maneno ya watu yaache.

Haya yote ni kwa vile vya homoni mbili. Vya homoni moja, vile wanavyopewa sana wanaonyonyesha, hesabu yake ni masaa, vingi ukipitiliza masaa 3 tu umeshasahau, unameza na kondomu siku 2.

Shoga yako nae eti antibayotiki zinaua nguvu ya vidonge, sio zote bwana. Za kawaida hazina neno, labda zikutapishe, na ukitapika ndani ya masaa 3 meza kingine. Zinazoharibu kweli ni rifampisini ya TB, baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya ARV, ukiandikiwa hizo sema unatumia majira.

Afu kuna kitu kinanikera, hivi walikupima presha kabla ya kukupa? Na kile kichwa chako cha upande mmoja, kama kinaanza na vimulimuli machoni mwambie nesi, sio cha kuficha, vya homoni mbili havifai kwa mtu wa hivo vinaongeza hatari ya stroke. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, hospitali siku hiyohiyo, usinisubiri mimi.

Na kondomu hata ukiwa hujasahau kidonge bado ina kazi yake, vidonge havizuii ukimwi wala kisonono, hilo unalijua ila nalisema.

Sasa ipige picha pakiti, mbele na nyuma, nitumie nione umefikia kidonge gani.