Kuvisha ukuta wa nyumba ya zamani mbao: maswali yenu

Nyumba ya mzee iko Rau, Moshi, tofali za kuchoma, plasta ya nje imeota chumvi na inadondoka chini ya madirisha. Nikifunika na mbao si nimemaliza?

Hujamaliza ndugu yangu, umeficha tu. Chumvi hiyo ni maji yanapanda toka ardhini au bati halina gata, sasa ukibandika mbao hapo juu umewapa mchwa chumba na shuka. Weka gata, chimba mfereji, bandua plasta mbovu, ukuta ukauke kiangazi chote ndo upige mbao. Na mbao isigusane na ukuta, tangulia papi za wima (vipande vyembamba vya mbao) ziache nafasi kama inchi moja, hewa iingie chini itokee juu, na huko kwenye mianya weka wavu panya wasihamie. Chini acha sentimita 15 hivi toka ardhini maana masika ikipiga udongo inarusha tope, nimeona nyumba moja Majengo mbao mbili za chini unazitoboa kwa kidole kama ndizi mbivu, za juu yake nzima kabisa.

Fundi mmoja anasema saiprasi, mwingine mtiki. Nimsikilize nani? (Sakina, Arusha)

Mfuko ukiruhusu, mtiki. Ila saiprasi inapandwa hapa hapa Meru na West Kilimanjaro na inafaa, chagua ya moyo wa mti, ile nyeupe ya pembeni mchwa wanaila. Paini bila dawa usithubutu nje. Hiyo ya dawa ya kijani nayo ukiikata ncha ipake dawa tena, na vipande visiende jikoni jamani, mule kuna aseniki! Vyovyote, iwe kavu, mbichi itasinyaa ukutani ubaki unachungulia mianya.

Nipake oil chafu?

Hapana. Inanasa vumbi, inachafua nguo za watoto na jua haizuii. Nunua mafuta ya mbao yenye rangi kidogo, hiyo rangi ndo kinga ya jua, paka mara mbili, na kwenye ncha paka mpaka mbao ikatae kunywa. Usipopaka kitu itageuka kijivu, huko sio kuoza, mimi mwenyewe napenda.

Misumari ya kawaida inatosha?

Mvua mbili tu kila msumari unatoa chozi jeusi mpaka chini. Skrubu za stenlesi.