Mshale unasema 50, tochi ya trafiki inasema 66

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Land Rover Series III fupi niliyorithi kwa marehemu baba. Nilimwomba fundi aniwekee difu (yale meno ya katikati ya ekseli yanayozungusha magurudumu) za Range Rover ya zamani, mbele na nyuma, ili injini isilie sana barabara ya Segera hadi Chalinze. Kelele zimepungua kweli. Lakini nimepigwa tochi: 66, na mshale wangu ulikuwa kwenye 50. Halafu mafuta yanaisha haraka. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 6, sasa 5.3. Tairi ni zilezile. Kwenye uso wa spidomita pameandikwa 960. Je, fundi amenidanganya? Kuna kijana anasema ataifungua spidomita aurekebishe mshale. Nimruhusu?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba. Fundi hakukudanganya, trafiki hakukuonea, na huyo kijana usimruhusu.

Waya wa spidomita kwenye Land Rover yako unatoka nyuma ya transfa, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, kabla ya difu. Kwa hiyo unahesabu mizunguko ya propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, si ya tairi. Difu ulizotoa zilikuwa 4.7, yaani propela izunguke mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Za Range Rover ni 3.54. Gawanya 4.7 kwa 3.54, unapata 1.33. Kila spidomita inachosema, zidisha kwa hiyo. Hamsini yako ni 66, kama tochi ilivyoonyesha.

Na kilomita nazo zinahesabiwa pungufu vilevile. Zile 5.3 kwa lita ni 7 kamili. Gari la mzee linakula mafuta kidogo kuliko zamani, nami nimefurahi kukuambia hivyo.

Sasa huyo kijana. Ndani ya spidomita waya unazungusha sumaku, sumaku inavuta kikombe cha alumini chenye mshale, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Akiilegeza springi, mshale utapanda. Lakini namba za kilomita haziendeshwi na sumaku. Zina meno yake yaliyoshikana moja kwa moja na waya. Zitaendelea kudanganya, na springi ile ikishaharibiwa ni kazi kubwa kuirudisha. Ninaumia kuona spidomita nzima, iliyofanya kazi miaka yote hiyo, ikifunguliwa kwa bisibisi wakati ugonjwa hauko ndani yake.

Dawa ni kuuongezea waya mizunguko. Viko vigiaboksi vidogo vinavyofungwa katikati ya njia ya waya, na mafundi wa spidomita za kale Uingereza huvitengeneza kwa kipimo unachowaandikia. Kabla ya kuagiza, pima mwenyewe. Ile 960 maana yake waya unatakiwa uzunguke mara 960 kwa kilomita. Chomoa waya upande wa dashibodi, bandika kikaratasi kwenye ncha yake, jaza tairi upepo wa kawaida, kisha watu wasukume gari, gia ikiwa huru, mita 20 zilizopimwa kwa futi kamba. Hesabu mizunguko pamoja na vipande vyake. Inatakiwa 19.2, wewe utapata karibu 14 na nusu. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: hicho ndicho kipimo cha kuagiza. Andika wazi kwamba unataka waya uende KASI zaidi unapotoka kwenye kigiaboksi kuliko unapoingia. Ukiletewa kinyume, hamsini yako itasoma chini ya 40.

Umefanya vema kubadili difu zote mbili. Nawaambia na wasomaji wengine: ukibadili ya nyuma peke yake, siku utakayoingiza foo wili, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye lami, magurudumu yatavutana mpaka kitu kikatike.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni breki. Gari lako lina breki za ngoma, na mshale ukisoma 70 tayari unakimbia 93. Mpaka kigiaboksi kifike, bandika kikaratasi kwenye dashibodi: penye kibao cha 50 mshale usizidi 37, penye 80 usizidi 60. Na kama ulizoea kubadili oili kila kilomita 5,000, badili namba zikisogea 3,750.