Kusimulia hadithi si kujibu swali

Kwa ninyi mnaoingia kidato cha tatu, ambako maswali ya fasihi katika somo la Kiingereza huanza kuwa mazito, ningependa kueleza kosa lililonigharimu mimi mwenyewe. Swali lilitutaka tuoneshe mgongano wa mila na usasa katika tamthilia tuliyoisoma, nami, kwa kuwa nilikuwa nimeirudia The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka mara tatu, nilijaza kurasa nne nikisimulia kila tukio, tangu Lakunle, mwalimu wa shule kijijini, anapompokonya ndoo ya maji Sidi, msichana anayetaka kumwoa, hadi Sidi anapokubali kuolewa na mzee Baroka, mtawala wa kijiji. Nilipata alama 4 kati ya 15. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika kwamba hadithi anaijua, ila jibu halioni.

Swali la namna hiyo hujibiwa kwa hoja, na hoja itangulie tukio lake. Andika kwanza kwamba mahari ndiyo inayowagonganisha Lakunle na Sidi. Kisha onesha kuwa Lakunle anakataa kuitoa kwa kuiona desturi ya kishenzi, ilhali Sidi hakubali kuolewa bila mahari asije akasemwa kijijini kuwa hakuwa bikira. Halafu, na hapa ndipo wengi huishia njiani, eleza tukio hilo linathibitisha nini kuhusu ulichoulizwa.

Lugha nayo ina mitego, na mingine tunatoka nayo nyumbani. Kwa kuwa Kiswahili husema “Sidi anakataa”, na ile a- haibanduki kwenye kitenzi, mwanafunzi hujikuta ameandika “Sidi she refuses”, ilhali Kiingereza kikishataja jina hakihitaji kiwakilishi tena. Vilevile, matukio ya kitabu huelezwa kwa wakati uliopo. Ukianza na “refuses”, usihamie “refused” katika sentensi inayofuata. Nilikuja kuzoea kutenga dakika 5 za mwisho kwa makosa haya mawili tu, nikipitisha kalamu chini ya kila kitenzi, na sikuwahi kukosa la kusahihisha.

Kuhusu barua rasmi sina mengi: anwani yako juu kulia, ya mwandikiwa chini yake kushoto, na kichwa cha barua baada ya salamu. Insha ndiyo inayodai muhtasari kabla ya kuanza, hata wa maneno sita, ambao utaukata kwa mstari ukimaliza ili msahihishaji asidhani ni sehemu ya jibu.