Idara ilianza kwa kuzunguka

SWALI: Mwalimu, salaam. Nafanya kazi katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area. Juzi meneja alibandika tangazo mlangoni mwa kantini: "Maidara yote yalete ripoti kabla ya Ijumaa." Chai ikapoa tukibishana. Mmoja alisema ingekuwa "idara zote". Mwingine akasema hata hiyo si sawa, idara ni za serikali, sisi wa kampuni tuna vitengo. Nani kasema kweli? Na neno lenyewe limetoka wapi? Msomaji, Donholm.

JIBU: Wa kwanza kasema kweli. Idara ni neno la ngeli ya I-ZI, halibadiliki kwa wingi: idara hii imeleta, idara hizi zimeleta. Hiyo "maidara" naijua inakotoka. Mtaani tunasema "madipatimenti", na ulimi ukishazoea ma- hiyo, unaipachika hata pasipohitajika.

Asili yake ndiyo tamu. Neno ni la Kiarabu, nalo limejengwa juu ya konsonanti tatu, d, w na r, zenye maana ya kuzunguka. Kuna kitenzi adara, yaani kuzungusha, kufanya kitu kizunguke, na kwa hiyo kukiendesha. Idara ni jina la kitendo hicho: uendeshaji. Mpaka leo Mwarabu akitaja idara huenda ana maana ya kazi yenyewe ya kusimamia kampuni, au ya wakubwa wanaoisimamia, si lazima chumba fulani chenye kibao mlangoni. Sisi tulipolipokea neno tuliegemea upande mmoja, tukaliita idara lile fungu la watu na ofisi yao.

Usishangae jina la kitendo kugeuka jina la mahali. Utawala ni kutawala, lakini panda matatu ya kupitia Embakasi umwambie kondakta "nashuka Utawala" uone kama atakuuliza unamtawala nani.

Ndugu za idara tunao Kiswahilini, ila hatuwatambui kwa kuwa wamevaa nguo tofauti. Duara ni mmoja. Duru ni mwingine, ile tunayoisikia kila uchaguzi wa rais ukikaribia: mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 au zaidi kati ya 47, tunaenda duru ya pili. Dira ya nahodha pia imo, maana sindano yake huzunguka. Darubini isikudanganye kwa sauti yake. Hiyo ni ya Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona, wala haihusiani na mzunguko wowote.

Kisha yuko mudir. Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi Saudi Arabia au Qatar: mudir ni bosi, na neno hilo hujifunza wiki ya kwanza. Kwa umbo lake ni "mwenye kuendesha", yaani mtenda wa kile kitendo kilichozaa idara. Pwani yetu ililijua zamani. Enzi za ukoloni, chini ya liwali alikuwepo mudir akisimamia eneo dogo zaidi. Cheo kimekufa, neno limebaki kwa wazee na kwa wanaorudi kutoka Uarabuni.

Sasa huyo mwenzenu wa vitengo. Namwelewa. Idara tunazokutana nazo zaidi ni za serikali: ya Uhamiaji pale Nyayo House, ya Magereza, ya Utabiri wa Hali ya Hewa kule Dagoretti Corner. Zanzibar wana hata Idara Maalumu, na huko jina hilo linajumuisha vikosi vyenye sare kama JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo). Lakini serikali haina hatimiliki ya neno hili. Chuo kikuu kina idara ya Kiswahili, gazeti lina idara ya michezo, na kiwanda chenu kina idara ya mauzo.

Kitengo kimetokana na kutenga, kama kizibo na kuziba. Ni kile kilichotengwa ndani ya kikubwa ili kifanye jambo mahususi. Kwa hiyo idara moja yaweza kuwa na vitengo vitatu, lakini sijawahi kusikia kitengo chenye idara ndani yake. Tawi ni mambo mengine: hapo tunagawa kwa mahali, ndiyo maana benki ina tawi la Westlands na tawi la Gikomba, na kazi zinazofanywa humo ni zile zile.

Hapa Kenya kuna jina moja linalonisumbua, nalo ni "Idara ya Mahakama". Magazeti yanaliandika kila siku na redio zinalitangaza, nami sina nguvu ya kulizuia. Lakini Katiba ya 2010 imeipa Mahakama sura yake nzima, ya 10, na kuiweka sambamba na Bunge na Serikali Kuu. Ukiita nguzo nzima ya dola idara, msikilizaji anadhani ni ofisi fulani iliyo chini ya waziri fulani, mlango wa tatu kushoto. Watanzania husema mhimili wa Mahakama, na hapo naona wametushinda. Mwenye kuitetea yetu angeweza kurudi kwenye Kiarabu na kusema maana yake ni uendeshaji wa mahakama. Ni hoja nzuri, ila sidhani aliyebuni jina alikuwa na hilo akilini.

Kwa kiwanda chenu, basi: mauzo, uzalishaji na fedha ziwe idara, kila moja na mkuu wake. Wale watu wanne wanaokagua mizigo getini ni kitengo. Tangazo lisomeke "Idara zote zilete ripoti kabla ya Ijumaa." Na ukiogopa kumsahihisha meneja, anza kwa kumweleza kuwa yeye ndiye mudir wenu. Huenda akapenda cheo, akasahau kukuuliza nani alikutuma.